Makala Yako Imechapishwa Kwingine Bila Jina Lako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya waandishi wa Kiswahili wanaochapisha mtandaoni, hasa walioko Tanzania na Kenya, ambao wamekuta kazi zao zimenakiliwa na kuwekwa mahali pengine kana kwamba ziliota zenyewe. Shauri likikaribia kufika mahakamani, mtafute wakili.

Nimeikuta makala yangu kwenye tovuti nyingine, neno kwa neno, na jina langu halipo. Nianze wapi?

Usimwandikie mtu yeyote kwanza. Anza kwa kukusanya ushahidi, kwa sababu wapo wanaofuta ukurasa dakika chache baada ya kupokea malalamiko, kisha wakakuuliza kwa upole ni makala ipi hiyo unayoizungumzia. Piga picha ya skrini inayoonyesha ukurasa wote, anwani yake na tarehe iliyoandikwa juu yake. Kisha peleka anwani hiyo kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambako nakala ya ukurasa itahifadhiwa pamoja na tarehe na saa, mikononi mwa mtu wa tatu asiye na upande. Fanya hivyo hivyo kwa ukurasa wako wa asili.

Ushahidi ukishakamilika, amua unataka nini hasa: jina lako liwekwe, ulipwe, au makala iondolewe. Waandishi wengi hukimbilia kudai makala iondolewe, na kwa maoni yangu hilo ndilo lenye faida ndogo kuliko yote, kwa kuwa makala ikishaondolewa unabaki na ulichokuwa nacho jana, huku wasomaji waliokwisha kuisoma wakiwa hawajui kwamba wewe upo. Kuondolewa kunafaa pale makala inapotumika kwa ulaghai, inapopotoshwa, inapokunyang'anya wateja au inapokaa pamoja na mambo ambayo usingependa kuhusishwa nayo.

Sijawahi kuisajili makala hiyo popote. Je, ninayo haki yoyote?

Unayo. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unasema kwamba haki ya mwandishi haitegemei kutimizwa kwa utaratibu wowote wa kiofisi. Kazi yako inalindwa tangu unapoiandika, iwe umeiandika kwa kalamu au kwa simu ukiwa ndani ya daladala. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 zimefuata msingi huo, na zote mbili huilinda kazi ya maandishi kwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Hata hivyo, usajili una kazi yake. Cheti kutoka ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara au KECOBO kwa Kenya, hurahisisha sana suala la ushahidi pale upande wa pili unapodai kwamba makala ni yake. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na chombo chake, COSOZA, jambo ambalo waandishi wa Bara husahau wanapoandika malalamiko yao. Kusajili kila makala fupi hakuna maana kubwa. Sajili mfululizo wa makala unaokuingizia kipato au unaokusudia kuutoa kuwa kitabu.

Wao wanasema wametaja chanzo, kwa kuwa chini ya makala wameandika "Chanzo: Mtandao". Je, hilo halitoshi?

Halitoshi hata kidogo. Mtandao hauandiki makala, kama vile rafu ya maktaba isivyoandika vitabu. Anayeandika "Chanzo: Mtandao" anakiri kwamba kazi si yake, na papo hapo anaficha ni ya nani. Ukiona maneno hayo, yapige picha, kwa sababu ni maungamo ambayo hukuhitaji kuyaomba.

Hapa inafaa kutenganisha haki mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni haki ya kimaadili, yaani haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye mwandishi na ya kupinga kazi yako isipotoshwe kwa namna inayokuvunjia heshima. Haki hii imo katika Mkataba wa Berne na katika sheria za nchi zetu, na hubaki kwako hata ukiwa umeuza haki nyingine zote. Ya pili ni haki ya kiuchumi, ambayo ndiyo inayokuwezesha kuruhusu au kukataza kuchapishwa upya, kutafsiriwa na kutangazwa kwa kazi yako, na ambayo unaweza kuiuza au kuikodisha. Kwa hiyo mtu aliyeweka jina lako bila kuomba ruhusa ametimiza sehemu moja tu, na mtu aliyekulipa lakini akafuta jina lako bado ana deni.

Kunukuu ni jambo jingine. Aya mbili zilizochukuliwa kwa ajili ya kuzijadili au kuzikosoa, huku jina la mwandishi na mahali zilipotoka vikiwa vimetajwa, ni matumizi halali, na mwandishi mwenye busara huyafurahia. Kuna pia kipengele ambacho wengi hawakijui: Mkataba wa Berne unaziacha nchi wanachama ziruhusu magazeti na redio kurudia makala zinazohusu mambo ya uchumi, siasa au dini ya wakati huo, iwapo haki ya kuzirudia haikuhifadhiwa waziwazi, na hata hapo chanzo ni lazima kitajwe. Ndiyo maana maneno "Haki zote zimehifadhiwa", ambayo wengi huyaona kuwa pambo la mwisho wa ukurasa, yana kazi halisi, hasa kwa anayeandika uchambuzi wa siasa.

Je, kama wameiba wazo langu tu? Na wakibadilisha maneno machache?

Wazo halilindwi, wala habari yenyewe. Ukiwa wa kwanza kuandika kwamba bei ya mbolea imepanda, huwezi kumzuia mwingine asiseme hivyo. Kinacholindwa ni jinsi ulivyolieleza jambo: mpangilio, mifano, sentensi, na uteuzi wa nini kitangulie na nini kifuate. Aliyebadilisha "aidha" kuwa "vilevile" na kuacha mengine yote yalivyo amenakili. Aliyeipitisha makala yako kwenye programu ya akili mnemba ikayageuza maneno huku aya zikifuatana kwa mpangilio uleule na mifano ileile hajajitoa hatarini, ingawa kumthibitishia inakuwa kazi ngumu zaidi.

Tafsiri pia inahitaji ruhusa. Makala yako ya Kiswahili haiwi mali ya mtu kwa sababu ameigeuza kuwa Kiingereza, na kanuni hiyo hiyo inamhusu yule anayechukua makala za Kiingereza, akazitafsiri na kuweka jina lake. Katika uandishi wetu wa mtandaoni jambo hilo ni la kila siku kuliko tunavyopenda kukiri.

Nitathibitishaje kwamba mimi ndiye niliyeanza kuandika?

Hifadhi rasimu zako. Programu za kuandikia zinazotunza historia ya mabadiliko huonyesha jinsi makala ilivyokua kutoka sentensi moja hadi kukamilika, na ni vigumu sana kwa mnakili kughushi historia ya namna hiyo. Barua pepe uliyomtumia rafiki au mhariri ukiwa na rasimu ni ushahidi mzuri pia.

Makosa yako nayo ni mashahidi. Niliwahi kuandika makala kuhusu namna ya kukagua kiwanja kabla ya kukinunua, na katika aya inayomshauri mnunuzi ahesabu bikoni za mipaka, simu yangu ikalibadilisha neno hilo bila mimi kutambua. Makala ikatoka ikimshauri msomaji ahakikishe kwamba "bikini zote nne zipo na hazijahamishwa". Nilisahihisha siku ya tatu, baada ya dada yangu kunipigia simu akicheka hadi kukosa pumzi. Miezi kadhaa baadaye nikaikuta makala hiyo kwenye tovuti ya madalali wa viwanja, ikiwa na jina la mtu mwingine na namba yake ya simu, na bikini zote nne zikiwa mahali pake. Nilipompelekea mwenye tovuti picha ya aya hiyo pamoja na nakala ya kurasa zangu za siku zile tatu, hatukubishana tena. Tangu hapo, katika kila makala ndefu, huweka kwa makusudi mfano mmoja wa kubuni au hesabu yenye tarakimu nilizozichagua mwenyewe, ambayo hakuna mtu anayeweza kuifikia kwa bahati.

Nimwandikie vipi aliyenakili?

Kwa adabu, kwa ufupi, na kwa tarehe. Ukali wa mwanzo humfanya mtu ajitetee, ilhali wengi wa wanaonakili ni vijana walioajiriwa kujaza ukurasa, ambao hawajawahi kuambiwa kwamba jambo hilo ni kosa. Ujumbe kama huu hufanya kazi mara nyingi:

"Ndugu Mhariri, tarehe 3 Machi tovuti yenu ilichapisha makala ambayo niliiandika na kuichapisha kwa mara ya kwanza tarehe 14 Februari katika ukurasa ambao anwani yake iko hapa chini. Sikuombwa ruhusa, na jina langu halikuwekwa. Ninafurahi kwamba mmeiona inawafaa wasomaji wenu. Naomba, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, muweke jina langu chini ya kichwa cha makala, pamoja na kiungo cha makala ya asili katika aya ya kwanza. Ikiwa hilo haliwezekani, naomba muiondoe. Nimeambatisha picha za kurasa zote mbili. Wasalaam."

Angalia kwamba ujumbe huo unataja mahali hasa ambapo jina na kiungo viwekwe. Usipotaja, jina litawekwa chini kabisa, baada ya matangazo, kwa herufi ambazo zinahitaji miwani.

Wamenisoma, hawajanijibu. Sasa?

Wapite. Nyuma ya kila tovuti kuna kampuni inayoihifadhi kwenye seva zake, na kampuni hiyo ndiyo isiyopenda matatizo. Jina lake hupatikana kwa kutafuta taarifa za usajili na seva za anwani husika. Ukiona Cloudflare, kampuni ambayo wasomaji hupitia kwake kabla ya kufika kwenye seva yenyewe, fahamu kwamba mara nyingi imesimama mbele tu. Ina fomu ya kupokea malalamiko, na huyafikisha kwa wanaohifadhi tovuti.

Iwapo kampuni hiyo iko Marekani, kama zilivyo nyingi, sheria unayoitumia ni ile ya mwaka 1998 inayojulikana kwa kifupi kama DMCA, na huhitaji kuwa raia wala mkazi wa Marekani ili kuitumia. Notisi yako lazima iwe na sahihi yako, hata ya kielektroniki. Itaje kazi iliyonakiliwa. Itaje anwani kamili ya ukurasa wenye nakala. Iwe na mawasiliano yako. Ieleze kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayajaruhusiwa. Na itamke kwamba maelezo ni sahihi na kwamba, kwa adhabu ya kiapo cha uongo, wewe ndiye mwenye haki au mwakilishi wake. Ikikosekana sehemu moja, notisi inaweza kuwekwa kando. Aliyelalamikiwa anaweza kuleta notisi ya kupinga, na hapo makala inaweza kurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi kama wewe hujafungua kesi.

Kenya ina utaratibu wake tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019. Mtoa huduma wa intaneti aliyepokea notisi iliyokamilika anatakiwa kuzuia ukurasa huo usifikiwe ndani ya saa 48 za kazi, isipokuwa amepokea notisi ya kupinga. Kutuma notisi ya uongo ni kosa la jinai huko, na Marekani humweka mtumaji katika hatari ya kulipa fidia. Usiitumie kama rungu la kumnyamazisha aliyekukosoa.

Google nayo ina fomu ya kuomba ukurasa ulionakiliwa usionekane kwenye matokeo ya utafutaji. Ukurasa utabaki palepale ulipo, lakini msomaji hatauona kwa kutafuta, na tovuti ya aina hii huishi kwa wasomaji wanaotafuta. Facebook, Instagram na X zina fomu zao za hakimiliki. Tumia hizo badala ya kitufe cha kawaida cha kuripoti, ambacho hupokea kila aina ya malalamiko.

Ninaweza kudai pesa?

Ndiyo, na njia rahisi zaidi ni ankara. Badala ya kuandika neno "fidia", ambalo humfanya mtu atafute wakili, mpelekee ankara ya leseni ya kuchapisha makala kwa kipindi ambacho imekwisha kukaa kwenye tovuti yake, kwa bei ileile unayowatoza wateja wengine. Kama una ankara ya zamani ya mteja mwingine kwa kazi ya urefu kama huo, ambatisha nakala yake baada ya kufunika jina la mteja. Njia hii huenda vizuri na kampuni zenye idara ya fedha na jina la kulinda. Kwa tovuti ya mtu mmoja anayeishi kwa matangazo, usitumie nguvu zako huko.

Usimtishie mtu kwamba utampeleka polisi ili akulipe. Kudai haki yako ni jambo moja, na kudai pesa ili unyamaze kuhusu kosa la jinai ni jambo ambalo linaweza kukugeukia wewe.

Makala niliiandikia gazeti. Je, bado ni yangu?

Inategemea mkataba. Sheria ya Kenya inachukulia kwamba kazi iliyoandikwa na mwajiriwa akiwa kazini, na hata ile iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki yake imehamia kwa mwajiri au kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Waandishi wa kujitegemea hushtuka wanaposikia sehemu hiyo ya pili. Sentensi moja katika barua pepe kabla ya kuanza kazi, inayosema kwamba unatoa haki ya kuchapisha mara ya kwanza tu na kwamba haki nyingine zinabaki kwako, inatosha kuzuia ugomvi wa miaka. Na kama haki ni za gazeti, basi malalamiko dhidi ya wanaonakili ni ya gazeti kuyapeleka. Kinachobaki mkononi mwako ni jina lako.

Inazunguka kwenye WhatsApp, chini imeandikwa "Nimeikuta mahali, nikaona niwashirikishe".

Hapo huna wa kumshtaki. Dawa yake huwekwa mapema, kwa kulipanda jina ndani ya matini yenyewe: "Katika miaka niliyokaa nikiandika kuhusu ardhi, mimi Fulani bin Fulani…" Anayenakili kwa haraka hukata kichwa na mkia, lakini ni wachache wanaopekua aya ya tano.

Je, nifunge kitufe cha kunakili kwenye tovuti yangu?

Hapana. Utamuudhi msomaji anayetaka kumtumia mwenzake sentensi moja, na mnakili ataipita kufuli hiyo kwa sekunde mbili. Kinachosaidia zaidi ni kupunguza matini unayotoa kupitia mlisho wa RSS, yaani orodha ya makala zako mpya ambayo programu nyingine huisoma zenyewe, ili programu zinazozoa makala zenyewe zipate muhtasari tu. Kisha chukua sentensi moja ya pekee kutoka kila makala, iweke ndani ya alama za kunukuu, na uisajili kwenye Google Alerts, ili upate taarifa inapotokea kwingine.

Inawezekana kweli kunufaika na watu wanaochapisha upya kazi zangu?

Inawezekana, na wapo waliojenga utaratibu wao wote juu ya jambo hilo. The Conversation, inayochapisha makala za wanazuoni, huruhusu mtu yeyote kuchapisha upya makala zake bure kwa leseni ya Creative Commons (CC, yaani leseni za umma zilizoandaliwa tayari) isiyoruhusu kubadilisha maandishi, kwa masharti kwamba jina la mwandishi na la chombo yabaki. Na ndani ya matini wanayoitoa kwa ajili ya kunakiliwa kuna kihesabio kisichoonekana, kinachowaambia makala imesomwa mara ngapi na wapi. Global Voices, ambayo ina toleo la Kiswahili, nayo hutoa kazi zake kwa leseni huru inayodai jina litajwe.

Mwandishi mmoja anaweza kuiga sehemu ya utaratibu huo. Weka chini ya kila makala kisanduku kinachosema kinachoruhusiwa, pamoja na matini iliyokwisha kuandaliwa yenye jina lako, mstari mmoja wa kukutambulisha na kiungo. Mtu mvivu, na mnakili kwa kawaida ni mvivu, atachukua kilichokwisha kuandaliwa. Chagua leseni kwa uangalifu: CC BY inaruhusu hata matumizi ya biashara mradi jina litajwe, yenye NC inakataza biashara, na yenye ND inakataza kubadilisha. Kumbuka kwamba leseni hizi haziondolewi kwa aliyekwisha kuzipokea na kutii masharti yake. Ukiitoa leo huwezi kujuta kesho. Mimi huzitumia kwa makala za elimu ya jumla, na huziacha mbali na makala ninazotarajia kuziuza.

Ndani ya makala, elekeza kwenye makala zako nyingine. Mnakili asiyesoma anachokinakili hubeba viungo hivyo pamoja na matini, na hivyo ukurasa wake unakuwa kibao cha kuelekeza watu kwako. Ukikubaliana na tovuti kubwa ichapishe makala yako, waombe wasubiri siku chache hadi Google iwe imeiona ya kwako, na uwaombe wazuie nakala yao isiingizwe kwenye matokeo ya utafutaji. La sivyo tovuti kubwa itakuja juu yako hata kama jina lako lipo.

Mwisho kabisa, orodha ya waliokunakili ni orodha ya wateja. Tovuti iliyochukua makala zako nne katika mwaka mmoja imekwisha kukueleza inahitaji nini, kwa urefu gani na kwa mada ipi. Yule mwenye tovuti ya madalali aliweka jina langu siku ileile, na baada ya wiki mbili akaniuliza ningemtoza kiasi gani kwa makala moja kila mwezi. Niliandika kwa mwaka mzima, nikawa nahesabu bikoni mara mbili kabla ya kutuma.

Na kama mimi ndiye niliyenakili?

Weka jina la mwandishi na kiungo leo hii, kisha mwandikie umweleze ulichofanya na umuulize anataka nini. Akisema uiondoe, iondoe bila kujadiliana naye, pamoja na nakala iliyobaki kwenye ukurasa wako wa Facebook, ambayo wengi huisahau.